Masonara, acheni kuwauzia wanaume dhahabu nyeupe mkisema ni platinamu!

Assalaam alaykum jamani. Naandika nina hasira na sizifichi.

Ndugu yangu kaoa mwaka jana hapa Unguja. Pete ya mke haikutusumbua: dhahabu ya manjano, karati 21, chapa 875, haina neno. Ya mume ndiyo iliyotuweka dukani, maana mwanamme wa Kiislamu havai dhahabu na yeye hilo halifanyii mzaha. Alimwambia sonara mbele yangu: "Nataka kitu kisichokuwa dhahabu. Kama hakuna, nipe pete ya fedha." Sonara akatoa pete nyeupe inang'ara, akasema hii platinamu, kaiyeyusha mwenyewe pale pale dukani, avae bila wasiwasi. Tukailipa kwa bei ya platinamu.

Sasa upande wa kiganja, pale inaposuguana na usukani, weupe umetoka na chini kunatokeza umanjano. Mkewe ndiye aliyeuona. Tukaipeleka kwa sonara mwengine. Akaisugua kwenye jiwe, akadondosha tindikali, kisha akavaa lensi akasoma ndani: 750. Karati 18 hiyo! Katika kila sehemu 1000, 750 ni dhahabu. Muda wote huo mtu anasimama kwenye sala na dhahabu kidoleni, naye hana habari.

Dhahabu nyeupe ni dhahabu. Inachanganywa na paladiamu au nikeli ili rangi ya manjano ififie (nikeli wengine inawawasha hadi kidole kinatoka vipele), halafu juu inapakwa rodiamu, madini mengine meupe, ndiyo ing'are. Rodiamu ikilika, rangi ya dhahabu inarudi. Platinamu ni madini mengine kabisa: haipakwi kitu ili iwe nyeupe, aghlabu chapa yake ni 950 au Pt950, na ukiishika utahisi uzito, kwa ukubwa ule ule inaishinda karati 18 waziwazi. Na hilo la kuiyeyusha mwenyewe, uongo mtupu! Dhahabu inayeyuka kwenye nyuzi 1064, platinamu inataka kama 1768. Moto wake ule wa kufanyia bangili utafika wapi?

Tuliporudi dukani kwake hata hakukataa. Alisema: "Sheikh, zote nyeupe, nani atajua?" Nani atajua? Mwenyezi Mungu hajui? Akajitolea kuichovya tena rodiamu bure! Tulipodai pesa zetu, akasema ataipima kwa gramu, akate na ujira wa kazi. Yaani kamdanganya mteja kwenye dini yake, halafu ujira anautaka.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba fedha ilikuwepo kabatini, chapa 925, bei ndogo mno. Mtume (S.A.W.) alivaa pete ya fedha. Inaingia weusi, ndiyo, lakini unaifuta kwa kitambaa na mambo yanakwisha. Ndugu yangu angeichukua kwa furaha. Sonara aliona faida haitoshi.

Risiti yenyewe imeandikwa "pete nyeupe 1". Basi! Hakuna madini, hakuna karati, hakuna uzito. Duka la dhahabu linaachiwaje kutoa karatasi kama hiyo? Muuza unga anakuandikia kilo. Iwe ni lazima: jina la madini, chapa, gramu, na sahihi ya aliyeuza.

Waume mlionunuliwa pete nyeupe, ziwe za Darajani, za Chake au zilizotoka Dubai, zivueni sasa hivi mtazame ndani kwa mwanga. Ukikuta 375, 585 au 750, hiyo ni dhahabu, hata uambiwe nini.

Ya kwetu tumeiweka kama ilivyo, haichovywi wala haiyeyushwi, ndiyo ushahidi. Aliyewahi kumshitaki sonara hapa Zanzibar anieleze alianzia ofisi gani na walimtaka karatasi zipi. Na kama nawe umeuziwa hivi, andika hapa chini, tukashitaki pamoja.