Skrini ya gari la umeme inajibonyeza yenyewe mchana, nibadili tachi au niweke nzima?

Mbezi_kwa_Yusufu:
Wakuu habari za majukumu. Nina kagari kadogo ka umeme, used ya Japani, huu mwaka wa pili nakatumia hapa Dar na kwenye betri kubwa sina malalamiko, nachaji usiku nyumbani asubuhi naenda Posta narudi Mbezi hata nusu haijaisha. Shida ni skrini ya katikati. Ilianza kiutani utani tu, mchana gari limekaa juani nikiliwasha naona menyu zinafunguka zenyewe, redio inaruka stesheni, ramani ya Tokyo inajikuza inajipunguza, nikavumilia. Juzi simu ikiwa bluetooth ikampigia mama mkwe yenyewe, akapokea, na mimi sina habari nipo na shemeji yangu tunaongea mambo ya kifamilia ambayo hakutakiwa kuyasikia, hiyo tuiache.

Usiku kukipoa inatulia kabisa. Ila sasa kona ya chini kulia haikubali kubonyezwa hata ufanye nini. Halafu kuna jambo la pili, asubuhi nyingine nikiwasha inaleta nembo, inazima, inaanza upya, inazima tena, na kamera ya rivasi inakuwa haipo mpaka itulie.

Nimempelekea jamaa mmoja wa magari (jina naliacha), hata kuifungua hakuifungua, kaniambia skrini imekufa inabadilishwa nzima na redio yake, milioni mbili na laki nne, inaagizwa nje, hela yote mbele, waranti hakuna. Fundi mwingine anasema toa hiyo takataka nikuwekee ya Android. Sasa mwenye uzoefu anisaidie, kioo peke yake hakibadilishiki kama cha simu? AC yangu ni ya vitufe kwa hiyo gari linaendesheka, haraka sina, ila hela ya kuchezea ndio sina kabisa.

Tachi_na_Disple:
Mkuu usitoe hiyo hela. Mimi nipo Kariakoo, nilianza na simu sasa hivi redio za magari ndio zinanilisha. Hicho unachokiita skrini ni vitu vitatu vimelaliana: juu kuna tachi inayohisi kidole, chini yake disple yenyewe inayotoa picha, nyuma kuna bodi yenye umeme wake. Picha yako iko safi? Haina mistari wala madoa? Kama iko safi basi disple ni nzima na kinachokusumbua mchana ni tachi tu.

Jaribu hivi, bonyeza kwa ukucha au kifuniko cha peni badala ya kidole. Ikiitikia ujue ni tachi ya kukandamiza, sio ya aina ya simu, na redio nyingi za Kijapani za miaka hiyo ndio walikuwa wanaweka hizo. Ile ni karatasi laini ya plastiki juu, kioo chini, katikati kuna nafasi ndogo mno. Jua la Dar likiipiga mchana kutwa ile plastiki inavimba inapinda, inakigusa kioo cha chini bila mtu kubonyeza, na redio inajua kidole kimegusa. Ndio maana usiku inatulia. Ukiitazama kwa ubavu mwanga ukiwa unaipiga mara nyingi unaona kabisa kama mawimbi au duara za rangi rangi za mafuta, hapo ndipo ilipolalia.

Tachi hizo zinauzwa peke yake, na bei yake ukilinganisha na hiyo uliyotajiwa utacheka.

Ila hilo la asubuhi kuzima na kuwaka sidhani ni tachi, tachi haizimi redio. Pima betri ndogo kwanza.

Mbezi_kwa_Yusufu:
Betri ndogo ipi tena mkuu, si gari la umeme?

Tachi_na_Disple:
Ndio hapo wengi wanapoliwa. Gari la umeme nalo lina betri ya kawaida ya volti 12, hiyo ndio inawasha taa, redio, skrini, kompyuta zote, na hata ile swichi kubwa inayoiamsha betri kubwa. Ikichoka dalili ya kwanza ni vitu vya kielektroniki kuwa na maruweruwe asubuhi. Chukua mita, gari likiwa limelala usiku kucha pima kabla hujafungua mlango sana, 12.6 hivi ni nzima, ikikaa kwenye 12.2 iko nusu, chini ya 12 hiyo imekwisha. Halafu washa gari mpaka liseme tayari, pima tena, inatakiwa ipande 13 na kitu au 14, isipopanda basi sio betri ni ile konveta inayoichaji na hapo usimpe fundi redio, mpe fundi wa umeme wa magari haya.

Jini_la_Kaseti:
Hahaha mimi na Corolla yangu ya kaseti tunawatazama tu. Gari lenye televisheni ndani mlitegemea nini. Kitasa cha AC nakizungusha kwa goti huku nakula hindi.

Mkerewe_Houston:
@Jini_la_Kaseti cheka ila sio wewe peke yako, wale Euro NCAP wanaopima usalama wa magari Ulaya walitangaza kwamba kuanzia Januari 2026 gari likitaka nyota tano zote lazima indiketa, hazadi, waipa, honi na kitufe cha kuita msaada viwe na swichi zake, sio mpaka uzame kwenye menyu.

Mleta mada, mimi nipo Marekani na huku haya mambo ya skrini yalifika serikalini. Ile kesi kubwa ilikuwa ya Tesla Model S na Model X za mwanzo, zenye skrini ya inchi 17. Kompyuta inayoiendesha ile skrini ilikuwa na memori ya GB 8 tu iliyochomelewa kwenye bodi, na programu ya gari ilikuwa inaandika humo kumbukumbu zake kila siku gari linapotumika. Memori ya namna ile ina kikomo cha kuandikwa na kufutwa, hiyo ilikuwa mizunguko kama 3,000, ikiisha imeisha, na kwa matumizi ya kawaida ilihesabiwa itadumu miaka 5 hadi 6. Ikifa skrini inakuwa nyeusi tii, kamera ya nyuma hakuna, kuondoa ukungu kwenye kioo cha mbele hakuna, hata mlio wa indiketa hausikii. Januari 2021 NHTSA, ndio mamlaka ya usalama wa magari huku, wakawaandikia Tesla warudishe magari kama 158,000. Mwanzoni mwa Februari Tesla wakakubali kurudisha karibu 135,000, yale yaliyotengenezwa kabla ya Machi 2018, huku wanasisitiza kwamba wao hawaoni kuwa ni kasoro. Walitengenezewa bure kwa kuwekewa memori ya GB 64, na waliokuwa wameshalipa wenyewe kabla wakaruhusiwa kudai hela yao.

Angalia hapo, kioo kilikuwa kizima, kilichokufa ni memori nyuma yake, mtu akikubadilishia kioo kakuibia. Na Mei 2022 Tesla hao hao tena, magari kama 130,000, prosesa ilikuwa inapata moto wakati wa kuchaji kwa kasi skrini inaganda au inazima, hiyo hata fundi hakuhitajika, walituma programu mpya hewani ikaisha. Na kuna zile skrini zao zilizokuwa zinakuwa njano pembezoni, hiyo ilikuwa gundi, wakawa wanazimulika na taa ya UV rangi inarudi. Skrini ni hiyo hiyo, magonjwa matatu na dawa tatu. Kwa hiyo mtu asiyefungua kitu halafu anakutajia milioni mbili na laki nne, mimi ningemkimbia.

Memori ya kwako siifikirii kwanza. Memori ikianza kufa inakuwa nzito, inachelewa, inasahau mipangilio, haichagui mchana na usiku.

Wanjiku_wa_Waya:
Nawasoma nikiwa Nairobi, huku hizi gari ziko kiasi. Kuhusu Android nikwambie ukweli, inang'aa na YouTube utaona, lakini kwenye gari la umeme hiyo redio ya asili sio redio peke yake. Kuna kurasa za matumizi ya betri, kuna taimer ya kuchaji, kuna kamera, kwa modeli zingine zote zinapitia hapo. Ukiitoa, za Android zinakuja na kiboksi cha kutafsiri lugha ya gari, kikiwa cha modeli yako sawa, kikiwa cha kubahatisha utapoteza kamera na vitufe vya usukani halafu fundi akuambie "zoea tu". Kabla ya kulipa mwambie akuonyeshe gari kama lako alilolifungia, ukae ndani uweke rivasi mwenyewe.

Na hii ni ya leo leo: kama uliwahi kuset taimer ya kuchaji kwa hiyo skrini, ifute sasa hivi kabla skrini haijazima moja kwa moja. Hapa kuna watu walichomeka chaja usiku kucha wakaamka na betri ile ile ya jana, wakasema chaja imekufa, kumbe gari linasubiri saa iliyopangwa na skrini ya kulifutia haipo.

Ya used kutoka Japani pia usikimbilie, bei ni nafuu lakini zingine ukizifunga zinaomba namba ya siri ambayo hauna, na menyu zote Kijapani tena.

Mbezi_kwa_Yusufu:
Wakuu nimepima. Asubuhi 11.8, nikiwasha inapanda 14.2. Nimenunua betri ndogo mpya, tangu hapo kule kuzima na kuwaka hakuna tena na kamera inakuja papo hapo, yaani hilo nalo lilikuwa limewekwa kwenye bei ya skrini nzima! Taimer nimeifuta, dada Wanjiku ubarikiwe. Ukucha unaitikia, na kwa ubavu nayaona hayo mawimbi upande wa kulia. Mchana bado inajibonyeza lakini. Nikiagiza tachi nampa fundi inchi tu au kuna kingine?

Tachi_na_Disple:
Inchi haitoshi mkuu, hapo ndio watu wanapoletewa mzigo usioingia. Inchi 7 ziko za kila namna. Redio itolewe kwanza, tachi ibanduliwe, ndipo unaagiza. Kwenye ule mkanda mwembamba wa tachi, sisi tunauita fleksi, kuna namba imechapwa, ipige picha. Pima urefu na upana wa kioo kwa milimita, hesabu njia za fleksi, za kukandamiza mara nyingi zinakuwa nne, na uangalie fleksi inatokea upande gani, kulia, kushoto au chini katikati. Ikitokea upande mwingine haifiki kwenye soketi hata uivute vipi.

Wakati wa kutoa redio waya wa hasi wa betri ndogo utolewe na msubiri dakika kadhaa kwanza, eabegi, ile mifuko ya hewa ya ajali, ziko jirani hapo. Nyaya zozote za rangi ya chungwa mtakazoziona kwenye gari hizo ndio za betri kubwa, hazishikwi na fundi redio. Na kama waliwahi kukufungia kile kiboksi cha FM, maana redio za Japani zinaanzia 76 hazifiki stesheni zetu za juu, angalia na viungo vyake, nimekuta vingi vimesokotwa kwa selotepu ya karatasi na vinaleta shida za ajabu.

Tachi ikishawekwa lazima ikalibretiwe, yaani ioanishwe na picha ya chini yake, kuna menyu ya siri ya misalaba unaigusa mmoja mmoja, usipofanya hivyo ukibonyeza redio inafungua ramani. Fundi asiyeijua hiyo menyu usimwachie gari.

Mbezi_kwa_Yusufu:
Na kwa sasa hivi nikisubiri tachi? Mama mkwe kaanza kuniuliza kwa nini nampigia halafu siongei.

Tachi_na_Disple:
Ikifunguliwa kupiga picha hiyo namba, mwambie fundi aiache fleksi ya tachi ikiwa imechomolewa, arudishe redio mahali pake hivyo hivyo. Picha inabaki, kamera inabaki, vitufe vya pembeni na vya usukani vinafanya kazi, kugusa tu ndio hakuna. Haitampigia mtu.