Kanuni ya wiki tatu imenishinda. Nimwambie?

Wakuu, habari za jioni. Napandisha wageni mlimani Kilimanjaro, nakaa Moshi. Mwaka jana mgeni mmoja aliniachia riwaya ya Milan Kundera ya 1984, ile ya Tomas, daktari wa upasuaji wa Prague. Jamaa ana kanuni: mwanamke ama umwone mara tatu za haraka haraka kisha basi, ama uwe naye miaka lakini mkipishana wiki tatu au zaidi. Na usiku kila mtu alale kwake. Mwili upate chake, moyo ukae nje.

Nikasema hii ni yangu. Njia ya Machame ni siku 6 au 7. Nikipata safari mbili tatu mfululizo, wiki zinajihesabu zenyewe. Nikakubaliana na dada mmoja wa Majengo, fundi cherehani. Miezi minane raha mustarehe.

Julai nikashuka mlimani kwa njia ya Mweka na homa. Akaja na hotipoti ya mtori, kaifunga kwa kitenge, mafundo mawili. Akaona jaketi langu limekatika kifungo, akakishona. Saa tisa usiku naamka, kapitiwa na usingizi kwenye kiti, sindano kaichomeka kwenye mkono wa sweta. Tangu hapo sijiwezi. Nikimpigia ananijibu, "Wiki tatu bado." Nimwambie au ninyamaze?

Dume la Pasua: Umekwisha, mkuu. Akili umeazima Ulaya, mtori unapikwa hapa hapa.

Binti Kibosho: Kaka, miezi minane hukumuuliza hata kama amekula. Leo unataka apokee simu mlio wa kwanza? Ningekuwa yeye ningekwambia miezi mitatu bado.

Mzee wa Vitabu: Kijana, uliishia ukurasa wa ngapi? Tomas mwenyewe alishindwa mapema. Tereza, mpenzi wake, alikuja kwake akashikwa na mafua, akalala pale wiki nzima, na usingizi haumjii mpaka amemshika Tomas mkono. Baadaye wakawa salama Zurich. Tereza akarudi Prague chini ya Wasovieti, naye akamfuata, akaishia kuosha madirisha ya watu. Wanawake wengine hakuwaacha, ndiyo maana Tereza anaota ndoto za kutisha. Tomas anadai kufanya mapenzi na kusinzia pamoja ni vitu viwili. Kwa Kiswahili angepata shida, maana vyote tunaviita kulala naye. Wewe umekwama kwenye kile cha pili.

Binti Kibosho: Swali dogo. Hotipoti ameshaichukua?

Mleta uzi: Iko hapa. Leo siku ya kumi.

Binti Kibosho: Siku kumi, na unatuuliza sisi! Mpelekee. Na chombo cha watu hakirudishwi kitupu.

Mleta uzi: Nimeshaiosha. Niweke nini?

Dume la Pasua: Chochote, ila si kitabu.