Je, mwandishi wa siasa wa televisheni anaweza kuanzia Kisumu?

Nyamasaria:
Hamjambo nyote. Nimehitimu stashahada ya uanahabari mwaka huu, na nia yangu ni kuripoti siasa kwenye televisheni. Wenzangu wamekimbilia Nairobi, lakini mama yangu hana uwezo wa kunilipia nyumba huko nikisubiri kazi. Nikibaki Kisumu, je, nitakuwa nimejifungia mlango?

Mzee wa Kamera:
La, mwanangu. Tangu serikali za kaunti zilipoanza mwaka wa 2013, mambo mengi yanayowagusa watu, kuanzia dawa za zahanati hadi ada za vibanda sokoni, huamuliwa huku huku. Kifungu cha 196 cha Katiba kinalitaka bunge la kaunti liendeshe vikao vyake hadharani; kwa hiyo ingia, keti, sikiliza, kisha uyasome makadirio ya bajeti ukurasa kwa ukurasa kabla hujamwuliza mwakilishi wadi swali lolote.

Kamera utaizoea, kusoma nyaraka ndiko kunakokomaza mwandishi. Usiku wa uchaguzi wa Agosti 8, 2017, nilikuwa nje ya darasa moja nikinakili fomu 34A, ile ya matokeo ya urais ya kituo cha kupigia kura, iliyobandikwa mlangoni, mwenzangu akinimulikia kwa simu, nikakuta tarakimu ambayo sikuweza kujua kama ni 1 au 7. Mhariri alinitaka niingie hewani papo hapo. Nilikataa mpaka msimamizi wa kituo alipotoka akanisomea hesabu, na kwa kuchelewa huko nilikaripiwa vikali. Septemba 1, Mahakama ya Juu ilipoufuta uchaguzi wa urais na kutaja kasoro za kupeperusha matokeo, fomu hizo ndizo zilizokuwa midomoni mwa kila mtu, na sikujuta hata kidogo.

Fundi wa Kondele:
Mzee amesema kweli, ila tusikufiche kuhusu pesa. Wengi wetu mashinani hulipwa kwa kila habari inayorushwa, na kituo kimoja nilichokitumikia kilinicheleweshea malipo miezi mitatu. Mwanasiasa akijua una njaa atakupa bahasha ya “nauli” mkutano ukiisha. Usiipokee, hata kama itakubidi utembee kwa miguu kutoka Ahero. Tafuta pia kadi ya uanahabari ya Baraza la Vyombo vya Habari mapema.

Dada wa Kakamega:
Ndugu yangu, ukiripoti nyumbani, wapiga kura ni shangazi zako na majirani, nao watakuona msaliti siku utakapomhoji mpinzani wa chama wanachokipenda. Mhoji tu, kwa adabu ile ile na kwa maswali magumu yale yale.

Nyamasaria:
Nawashukuru sana. Makadirio hayo huombwa wapi?

Mzee wa Kamera:
Anzia kwa karani wa bunge la kaunti. Andika barua, utaje Kifungu cha 35 cha Katiba, kinachompa raia haki ya kupata habari, na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri.