YULE BABA WA DIRISHA LA MWISHO LEO KANIMALIZA

Wakuu, naandika nikiwa bado kwenye daladala. Nikisubiri nifike nyumbani nitaandika kistaarabu, na sitaki.

Yule baba mnamjua. Dirisha la mwisho pale ofisini, redio ndogo, chai isiyoisha tangu enzi za Mwalimu. Nimeenda na mwanangu mgongoni, ana mtindio wa ubongo, hata shingo haijakaza, nafuatilia kiti mwendo. Barua ya mtendaji ninayo, ya daktari ninayo, mihuri mpaka karatasi imeota sugu. Kasoma, kapiga funda la chai, kaniambia: "Msimamishe tumpime urefu."

MSIMAMISHE. Mtoto wa kiti mwendo. ASIMAME.

Nikajua utani. Akatoa futi kwenye droo! Eti kama leo hawezi, nimrudishe siku akiwa na nguvu. Siku akiwa na nguvu si nitakuja kuomba viatu?

Halafu kwenye mikutano ndiyo spika zinapasuka: asilimia 10 ya mapato ya halmashauri ni ya mikopo, 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Wa kwangu ana miaka saba, akope afungue duka la jumla? Na mimi nikimshusha mgongoni nani ananishikia? Lakini hayo tuyaache. Msimamishe! Jamani!

Kobe Mbio: Ungemwambia yeye asimame kwanza. Tangu nimfahamu sijawahi kumwona ameinuka, labda naye yuko kwenye foleni ya kiti mwendo.

Chumvi ya Mawe: Mleta mada una mambo. Ungemlaza mezani mkapima, yakaisha.

Mleta mada: Meza ipi? Ile ya vitumbua na mafaili? Kalaze wa kwako.

Jirani wa Namanga: Huku Kenya mlezi wa mtoto mwenye ulemavu mkubwa anapewa shilingi 2,000 kwa mwezi, mpango wa serikali unaitwa Inua Jamii. Ikiingia. Nepi peke yake zinaimaliza.

Kobe Mbio: Ndugu, hata hiyo ya "ikiingia" sisi tungeipokea kwa vigelegele.

Mama Vuruga: Mnaongelea viti! Toto Afya Kadi, ile bima ya afya ya watoto, ilivyoondolewa 2023 tukaambiwa watoto wasajiliwe kupitia shule. Wangu haendi shule, shule yenyewe ngazi tupu. Ningemsajili kwa mwalimu gani?

Mleta mada: Pole dada. Ila mimi NIMEAMBIWA NIMSIMAMISHE.

Mzee wa Kona: Tumesikia mama. Ngazi nazo, kuna ofisi naijua, masuala ya walemavu yako ghorofa ya pili. Ukitaka huduma, pona kwanza.

Chumvi ya Mawe: Mimi kero yangu ni dogo wa fotokopi pale getini. Karatasi moja mia tatu!

Mama Vuruga: Mia tatu unalia? Kwetu mia tano, na kitambulisho kimetoka na sikio moja.

Kobe Mbio: Mama Vuruga, sikio la kushoto au la kulia? Isije ikawa mashine haina kosa.