Tupaue maboma, tujenge chumba kipya au tuingie zamu mbili?

Mjumbe_Kamati
Wakuu, salaam. Nipo kwenye kamati ya shule ya msingi kijijini kwetu. Watoto wamejaa darasani hadi wengine wanaandikia mapajani. Tuna milioni 12 mkononi na Jumapili kuna mkutano wa wazazi. Kuna wanaotaka tupaue maboma mawili yaliyopo (kuta tupu bila paa), wengine chumba kipya, na mwalimu mkuu anataka zamu mbili. Nishaurini.

Fundi Kipara
Watoto wangapi? Vyumba vingapi? Maboma yameishia wapi, msingi, madirisha au lenta (ule mkanda wa zege juu ya madirisha)? Umeleta mgonjwa hujasema anaumwa nini.

Mwl. Mstaafu
Na walimu wangapi? Hilo ndilo watu husahau kila siku.

Mjumbe_Kamati
Samahani wakuu. Wanafunzi 1,186, vyumba saba, walimu 11. Maboma yapo kwenye lenta tangu 2019. Ni huku Kahama vijijini.

Fundi Kipara
Basi chumba kipya sahau. Madarasa ya fedha za UVIKO (zile za serikali za kukabili korona) mwaka 2021 yalipangiwa milioni 20 kila moja, na bei za vifaa hazijashuka tangu hapo. Paueni. Bati geji 28, msidanganywe na geji 30, hiyo ni nyembamba. Upepo wa huko mnaujua wenyewe.

Binti Mzigua
Mbona hamtaji matofali ya kufungamana? Saruji kidogo, ukuta hauhitaji plasta. Kwetu Handeni tumejengea hadi nyumba ya mwalimu.

Fundi Kipara
Dada, kuta zipo tayari. Unataka wabomoe?

Binti Mzigua
Nimesema tu. Kuna vyoo pia.

Mama Dula
Mjumbe, kabla hamjanunua hata bati moja, mwiteni mhandisi wa halmashauri ayaone hayo maboma. Nawaambia kwa uchungu. Kijijini kwetu tulichangishana 2017, kila kaya elfu kumi, asiye nayo debe la mahindi. Akina mama tulibeba maji ya kufyatulia tofali toka bondeni, mimi nikiwa na mimba ya Dula. Boma likafika lenta, tukaambiwa tutulie, serikali itapaua. Tukatulia misimu mitatu ya mvua. Mhandisi alipokuja akagonga ukuta kwa nyundo mara mbili tu, mchanga ukamiminika kama unga. Saruji iliibwa, na ndani ya lenta nondo zilikuwa za kuhesabu. Likabomolewa. Mama mkwe alikuwa ametoa mbuzi, na hadi leo akipita pale husema "mbuzi wangu yule."

Mzee wa Hoja
Ndiyo maana mimi sichangi. Tangu Januari 2016 elimu bila ada. Serikali ijenge.

Mama Dula
Na mwanao akae wapi wakati unaisubiri, kaka? Bila ada si bila darasa.

Mzee wa Hoja
Mwanangu yupo shule ya kulipia.

Mama Dula
Ahaa.

Mwl. Mstaafu
Turudi kwenye hesabu. Sasa hivi chumba kimoja ni watoto 169. Mkipaua yote mawili, 132. Mkiongeza zamu mbili juu yake, 66. Kiwango ni 45, lakini 66 nimefundisha, unawajua hata kwa majina. Tatizo ni kwamba vyumba tisa kwa zamu mbili ni vipindi vya kutwa nzima kwa walimu wale wale 11. Nilifanya hivyo miaka minne. Kufika saa tisa alasiri unaandika ubaoni huku umelala. Na watoto wa zamu ya mchana huchungishwa ng'ombe asubuhi, wanafika wamechoka.

Halafu dada wa Handeni kagusa jambo. Tundu moja la choo ni wasichana 20, wavulana 25. Nyie mna matundu mangapi?

Mjumbe_Kamati
Sita.

Fundi Kipara
Sita kwa watu 1,186?!

Mzee wa Hoja
Hizo milioni 12 anazo nani? Akaunti ya kijiji au mfukoni mwa mtu?

Mjumbe_Kamati
Akaunti ya kijiji, mkuu. Mkutano wenyewe umesogezwa, diwani ana msiba. Mhandisi nimempigia, anasema gari halina mafuta, labda tumfuate na bodaboda. Wazee wanataka tupige mwano (yowe la kuita watu), sungusungu, walinzi wa kijiji, watoe watu wachimbe vyoo kwanza.

Fundi Kipara
Novemba mvua hiyo, mtachimba kwenye tope. Mbao za Mafinga zilizotiwa dawa mnauziwaje huko kwa sasa?