Vipindi vya maabara chuoni: vinafundisha kazi au kunakili?

Mkemia wa Jinja: Watoto wa mtaala mpya wa sekondari wa Uganda ulioanza 2020 walifanya UCE, mtihani wa kidato cha nne, 2024; karibu watabisha hodi vyuoni. Watakuta kijitabu cha "pima hiki, mimina kile", watu wanane kwa bureti moja (mrija wenye alama za mililita na koki chini), maksi zote kwenye ripoti. Mmoja anashika, mmoja anasoma, sita wananakili. Nusu ya maksi itolewe mezani: mwalimu amwone mwanafunzi akisuuza bureti kwa mmumunyo wenyewe, akitoa kiputo cha hewa kwenye ncha, jicho likiwa usawa wa alama.

Adyeri: Kusuuza bureti ni kazi ya fundi wa maabara. Digrii ni kufikiri.

Fundi wa Mbale: Chunga ulimi, ndugu. Huyo mwenye digrii anapima gramu 4 za sodiamu haidroksaidi, anajaza maji hadi lita 1, anabandika "0.1 M", yaani moli 0.1 kwa lita, na kwenda zake. Vidonge vile huvuta unyevu na kaboni dayoksaidi hata vikiwa juu ya mizani. Kufikiri kuko wapi hapo?

Adyeri: Sijamtukana mtu. Na kwa kufundishia inatosha.

Fundi wa Mbale: Haitoshi! Thibitisha nguvu ya alkali hiyo kwanza. Kausha potasiamu haidrojeni thaleti, asidi ya unga, saa 2 kwa nyuzi 110, ipoe ndani ya desiketa, chombo kisichoingiza unyevu. Pima gramu 0.51, yeyusha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, tia matone 2 ya fenolfthalini, kiashiria cha rangi, kisha dondosha alkali hadi waridi hafifu lidumu sekunde 30. Kama ni 0.1 M kweli, zitaingia karibu mililita 25. Zikiingia 26.5, una 0.094 na lebo ya uongo.

Nakato K.: Thaleti ni ghali kwa darasa kubwa. Asidi oksaliki ya fuwele, gramu 6.30 kwa lita, ni 0.05 M, mililita 25 zake zinamaliza mililita 25 za alkali ya 0.1 M.

Adyeri: Nayo inakaushwa kwa 110?

Nakato K.: La, ssebo (bwana)! Itapoteza maji ya fuwele, na ile 126, gramu za moli moja, uliyopigia hesabu haitakuwa yake tena.

Fundi wa Mbale: Chupa ikiachwa wazi kwenye hewa kavu huyapoteza hata bila oveni. Sibadilishi thaleti yangu.

Mkemia wa Jinja: Jamani, niliuliza habari ya maksi!

Nakato K.: Maksi za kumtazama mtu mezani zinataka walimu wengi, na hatuna. Mpe kila mmoja sampuli asiyoijua nguvu yake, umpe maksi kwa ukaribu wa jibu. Kunakili kwa jirani hakutamfaa.

Adyeri: Sampuli mia mbili atatengeneza nani?

Fundi wa Mbale: Nne tu, kati ya 0.08 na 0.12 M, kila chupa na namba yake ya siri, majirani wasipate chupa ya aina moja. Ninyi wenye digrii mtunze orodha ya namba, na isikae ubaoni.

Adyeri: Orodha nitaitunza. Lakini nguvu za hizo nne utazithibitisha kwa thaleti au kwa oksaliki?