Hilux 2.5 D4D: chipu, intakula, au niuze nichukue 3.0?

Baba Ruai: Wadau, nina Hilux Vigo ya D4D, ile injini ya dizeli ya Toyota, lita 2.5, gia ya mkono. Natoa marobota ya nyasi Naivasha hadi Ruai, siku nyingine na tela nyuma. Nikipanda mlima wa Mai Mahiu na mzigo ni gia ya pili, matatu za Narok zinanipita zikinipigia honi. Mafuta nayo ni kilomita 9 kwa lita. Fundi mmoja wa Kirinyaga Road anataka tuweke chipu ya kuongezea injini nguvu, mwingine intakula (kile cha kupoza hewa inayoingia kwenye injini) na egizosti pana, wa tatu ananiambia niuze nichukue Hilux ya injini ya 3.0. Nifuate nani?

Kamagera: Chipu, bila kufikiria. Yangu iliamka siku hiyo hiyo. Klachi tu ndiyo ilianza kuteleza baadaye.

Spana14: “Tu”! Baba Ruai, angalia boneti. Kama haina lile tundu la hewa juu, injini yako haina intakula. Chipu itamwaga dizeli zaidi na hewa ni ileile: moshi mweusi, na pistoni zinaungua. Nairobi tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa yenyewe ni nyepesi. Kwa hiyo intakula itangulie chipu. Egizosti pana peke yake utapata kelele. Na kabla ya yote, injekta, zile za kunyunyiza dizeli ndani ya injini, zipimwe kwa mashine, si kwa sikio la fundi. D4D ikigonga asubuhi ikiwa baridi, ukaiongezea chipu, unaitafutia pistoni kupasuka.

Kamagera: Basi 3.0.

Spana14: Inavuta vizuri, sikatai. Lakini ya mtumba nayo ina injekta zake za kupimwa, na bei yake unaijua.

Mama Tela: Mnaongea kupanda, kushuka je? Tela isiyo na breki zake, Toyota inataka isizidi kilo 750, hata uwe na injini gani. Na pangeni mzigo vizuri: asilimia 10 hivi ya uzito wa tela ikalie ndoano. Marobota yakirundikwa nyuma, tela inaanza kupiga mkia mteremkoni, na hapo ukikanyaga breki ghafla umekwisha. Shuka kwa gia, breki zipumzike.

Spana14: Sahihi kabisa. Baba Ruai, umevaa tairi gani?

Baba Ruai: 265/75R16. Ilitoka na 205R16.

Spana14: Ndiyo hiyo! Tairi hizo ni kubwa kwa karibu asilimia 9. Gia zako zote zimekuwa ndefu, ndiyo maana mlima unakushinda. Halafu dashibodi inahesabu kilomita pungufu, hiyo 9 yako ni karibu 10. Rudisha saizi ya kampuni, pima injekta, badilisha filta ya hewa, kisha panda tena Mai Mahiu. Intakula tuiongelee baada ya hapo.

Kamagera: Lakini hizo kubwa zinapendeza, bana.

Baba Ruai: Zinapendeza, ni kweli. Kuna anayetaka 265 nne? Bado zina meno. Nabadilishana na 205, niko Ruai.